Nyaraka binafsi za Jenerali Kirkman: zinatosha kueleza kazi yake ya ulinzi wa raia?

Mtafiti_Kijana
Ndugu wanajamvi, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ulinzi wa raia (mipango ya kuwakinga na kuwaokoa wananchi wakati wa mashambulizi) nchini Uingereza katika miaka ya 1950, na ninayemfuatilia ni Jenerali Sir Sidney Kirkman. Alitunukiwa Msalaba wa Kijeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akawa mkuu wa mizinga wa Jeshi la Nane la Uingereza chini ya Jenerali Montgomery katika mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 50 kisiwani Sicily na Kori ya 13 nchini Italia, kisha, baada ya kustaafu jeshini, akawa Mkurugenzi Mkuu wa Ulinzi wa Raia kuanzia 1954 hadi 1960. Nyaraka zake binafsi zimehifadhiwa katika Kituo cha Liddell Hart, hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya chuo cha King's College London. Nina fedha za safari moja tu. Je, nyaraka hizo zinaweza kunionyesha jinsi alivyolikabili bomu la haidrojeni?

Mhifadhi_Mstaafu
Mwanangu, nenda, lakini usiishie huko tu. Nyaraka binafsi ni zile zilizobaki mikononi mwa mtu au jamaa zake: barua, shajara, rasimu za hotuba, picha. Majalada aliyoyashughulikia ofisini ni mali ya serikali, nayo yako kwenye Nyaraka za Taifa kule Kew, London, mengi yakiwa katika fungu HO 322 la Wizara ya Mambo ya Ndani.

Ukisahau tofauti hiyo utamhukumu marehemu kwa makosa. Mwezi Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni kule Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, na vumbi lake la mionzi likawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali baharini. Mwaka uliofuata, Ripoti ya Strath, ripoti ya siri ya serikali ya Uingereza, ilikadiria kwamba mabomu 10 ya aina hiyo yangeua watu milioni 12 nchini Uingereza na kujeruhi wengine milioni 4. Ripoti hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2002, ilhali Kirkman alifariki mwaka 1982. Mtu wa wadhifa wake hakuwa huru kubeba siri za namna hiyo kwenda nazo nyumbani, wala kuzijadili katika barua kwa rafiki. Kwa hiyo usipokuta neno kuhusu mionzi katika makasha yake, usiandike kwamba hakujali. Ukimya huo umewekwa na sheria, na sina budi kulisisitiza hili kwa sababu nimeona tasnifu nzuri zikiharibika hapo.

Mwalimu_wa_Historia
Naunga mkono maneno ya mzee, ila nisingependa zile karatasi za vita zionekane kama utangulizi tu. Kirkman alikuwa mpiga mizinga. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1942 takriban mizinga 900 ilianza kufyatua kwa ratiba moja, na kazi ya kupanga ratiba hiyo ilimhitaji mtu anayeamini kwamba hesabu nzuri huokoa maisha ya askari wa miguu. Mtu huyo huyo, miaka 12 baadaye, alikabidhiwa Kikosi cha Ulinzi wa Raia, cha watu wa kujitolea, kilichoanzishwa 1949 kikiwa na mawazo ya mabomu yaliyoangukia London mwaka 1940. Ningesoma nyaraka za vita nikitafuta jinsi alivyofikiri: alikadiriaje hasara, alimwambiaje mkubwa wake kwamba mpango hautoshi. Kisha ningekwenda Kew kuona kama sauti hiyo bado inasikika katika majalada ya 1955, mwaka ambao pia vilianzishwa vikosi vya askari wa akiba vya kuokoa watu mijini, vilivyovunjwa 1959.

Mtafiti_Kijana
Shikamooni nyote. Nitagawa siku zangu mahali pawili. Je, nianze na Kew?

Mhifadhi_Mstaafu
Marahaba. Anza King's College, baada ya kusoma katalogi yao na kuwaandikia mapema uombe makasha unayoyataka. Andika pembeni kila tarehe na kila jina la ofisa aliyeandikiana naye, kwa maana majina hayo ndiyo utakayoyatafuta Kew.