Mavazi ya Halloween kwa watoto bila kuumiza mfuko

Swali, kutoka Columbus, Ohio

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba msaada. Mwanangu wa darasa la pili amerudi na karatasi kutoka shule: siku ya Halloween, ile ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto hujivika kama wanyama au vitu na jioni kupita nyumba kwa nyumba wakipewa pipi, wanaruhusiwa kwenda shule wamevaa mavazi hayo. Nimepita dukani, vazi moja la kitambaa chepesi kama mfuko linauzwa zaidi ya dola 30, na mimi nina watoto watatu. Mdogo anataka kuwa simba. Wa kati kila siku ana jipya. Mkubwa anasema atavaa chochote mradi asichekwe. Kushona kwa mkono najua, cherehani sina. Wenzangu mnafanyaje?

Jibu, kutoka Brooklyn Park, Minnesota

Dada, usinunue hayo mavazi ya dukani. Hayamfai mtoto wa huku. Yameshonwa kana kwamba atashinda nayo sebuleni, kumbe kazi yake ni nje, jioni, mwisho wa Oktoba. Utamvalisha koti juu yake na simba wako hataonekana tena. Wenyeji wa hapa bado wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilipoanza siku hiyohiyo, na ilipokatika siku chache baadaye Minneapolis ilikuwa imepata zaidi ya sentimita 70. Si kila mwaka huwa hivyo, lakini baridi haikosekani.

Kwa hiyo anza na nguo ya baridi. Nenda Goodwill au duka lolote la mitumba, tafuta hudi, yaani fulana nzito yenye kofia, iliyomzidi mtoto saizi moja au mbili ili sweta au koti jembamba liingie ndani, halafu mapambo yote yashone juu ya hudi. Halloween ikipita unafumua nyuzi, mtoto anaendelea kuivaa hadi baridi iishe. Hapo hujatupa hata senti.

Simba mimi namfanya hivi. Hudi iwe ya njano au kahawia. Kusanya fulana kuukuu za rangi zinazokaribiana na hiyo, zikate vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri moja. Shika kila kipande ncha mbili ukivute kwa nguvu: fulana ya pamba ikivutwa inajikunja yenyewe, inakuwa kamba nene ya mviringo, na hiyo ndiyo inayofanana na nywele za simba. Kikunje katikati, kishone ukingoni mwa kofia kwa mishono miwili mitatu, kingine kifuate kwa kubanana. Ukimaliza safu ya kwanza usiridhike, kwa sababu mtoto akigeuza shingo utaona mapengo. Weka safu ya pili nyuma yake. Vile vya juu ya paji la uso vipunguze visimwingie machoni. Mkia tumia mguu wa taiti kuukuu, ujaze mabaki ya fulana na uushone kwenye hudi, maana ukiushona kwenye suruali utaivuta chini kila akikimbia. Usiuache ufike chini, ndugu zake wataukanyaga.

Huyo wa kati mpe twiga au pundamilia, kazi ni ileile. Mabaka na mistari kata kwenye felti, kile kitambaa kizito kisichochanika nyuzi, inauzwa rahisi kwenye maduka ya vitu vya dola, kisha ishike kwa nyuzi ndefu za haraka. Tepu ya umeme nimewaona watu wakiitumia, lakini haikai kwenye hudi. Mtoto akifika nyumba ya tatu mistari iko barabarani.

Mkubwa mtengenezee daladala. Nasema hivi kwa dhati, ni vazi la heshima kwa mtoto asiyetaka kuchekwa, na darasa zima hakuna mwingine atakayekuwa nalo. Tafuta boksi lisilo pana, lipite mlangoni. Ondoa vifuniko vya juu na vya chini, toboa ubavuni ili mikono itoke, lining'inie mabegani kwa mikanda ya begi lililochoka. Magurudumu ni sahani za karatasi zilizopakwa rangi nyeusi, taa za mbele ni vifuniko vya mitungi vilivyozungushiwa foili. Ubavuni mchoree mstari wa rangi, na mbele andika njia kwa herufi kubwa: Mbagala – Kariakoo. Kama kwenu ni Nairobi, mstari uwe wa njano na njia iwe Ngong Road. Wenzake watamuuliza ni basi gani hilo, na yeye atakuwa na la kuwaeleza. Boksi lenyewe limfikie magotini, lisizidi hapo, ili apande ngazi za watu.

Khanga nzee nazo zinatoa mabawa mazuri ya kipepeo. Usiikate. Ikunje pembetatu, ibane kwa pini shingoni na kwenye ncha za mikono ya nguo, kesho yake inarudi kabatini. Na mfuko wa pipi ni foronya tu.

Jibu, kutoka Columbus

Dada, mimi pia niko hapa Columbus. Miji ya huku hutangaza yenyewe siku na saa za watoto kupita nyumba kwa nyumba, kwa kawaida saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, kwa hiyo tazama tangazo la mji wenu. Mnaanza na mwanga na kumaliza gizani, basi daladala na simba wote wabandikwe tepu inayong'aa kwa nyuma, na wewe ubebe tochi. Gongeni penye taa ya kibarazani imewashwa, palipozimwa pitilizeni.

Vinyago achana navyo, vinawaziba macho, na shule nyingi hazivitaki, wala silaha za kuchezea. Ukitaka kuwapaka rangi usoni, jaribu kidogo mkononi siku moja kabla. Hayo mabawa ya khanga yawe mbali na maboga yaliyochongwa ambayo watu huyaweka milangoni, wengine huweka mishumaa ya kweli ndani yake.

Sisi nyumbani hatusherehekei kwa sababu za dini, mwalimu tulimweleza mapema na akatuelewa. Lakini kushona hakunikwazi. Cherehani ninayo na Jumamosi niko nyumbani. Niandikie pembeni nikupe anwani, uje na hudi zako na fulana kuukuu ulizonazo.