Kutoboa boti la faiba bila kupasua jelikoti

Mvuvi_Wete
Assalaam alaykum mafundi. Nina boti la faiba, futi 23, navulia huku Wete. Nataka kufunga vishikio viwili vya kamba kwenye sitaha, bolti za milimita 8, na tundu la milimita 28 ubavuni la kutolea maji ya pampu ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika). Fundi mmoja alinitobolea pa kufunga taa, jelikoti (lile tabaka gumu la nje linalong'aa) ikafanya nyufa nyembamba kuzunguka tundu zima. Sasa naogopa kuligusa. Nyie mnatoboaje?

Kijana wa Mkoani
Bandika tepu ya karatasi, chora alama juu yake, toboa taratibu. Biti iwe kali.

Fundi Faiba, Nungwi
Wa alaykum salaam sheikh. Tepu ni sawa, biti haitelezi, lakini peke yake haizuii ufa. Jelikoti ni ngumu na haina nyuzi ndani yake, nyuzi ziko chini. Biti ikiingia kwa pupa inaimegua badala ya kuikata.

Toboa kutoka nje kwenda ndani. Anza na biti ya milimita 3 na drili uizungushe kinyume, usiikandamize. Tazama vumbi: likiacha kuwa jeupe la rangi ya boti na nyuzi zikaanza kuonekana, jelikoti imekwisha, rudisha mzunguko wa kawaida. La milimita 28 tumia msumeno wa mviringo unaofungwa kwenye drili, nao uanze kinyume vilevile. Ndani mtu akushikilie kipande cha ubao kigandane na ukuta, faiba isimeguke biti inapotokea. Na uvae barakoa na miwani, vumbi lile si la kuvuta.

Tundu la pampu liweke juu ya maji hata boti likiwa limepakia samaki na limelala upande. Mpira wake uupandishe juu ndani kwanza, ndipo ushuke kwenye tundu, la sivyo bahari itarudi ngamani.

Sitaha ndiyo yenye kazi. Nyingi zina plaiwudi katikati ya faiba mbili. Ukitoboa 8 ukatia bolti tu, siku maji yakipita yataozesha ubao na huoni kitu kwa juu. Toboa milimita 12, ziba kwa chini na tepu, pakaza epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu) nyepesi ukutani mwa tundu inywewe na ubao, halafu jaza epoksi iliyochanganywa na unga wake wa kuifanya nzito. Ikishakauka kabisa, toboa 8 katikati yake. Hapo bolti imezungukwa na epoksi, ubao haugusi maji.

Mdomo wa tundu upanue kidogo kwa juu. Bolti haitainua jelikoti, na gundi inapata pa kukaa. Gundi iwe ya poliurethani ya boti. Silikoni mie siitaki: ikiachia, mabaki yake hayatoki na gundi nyingine haishiki tena. Bolti ziwe chuma cha pua namba 316, na chini ya sitaha weka bamba pana, maana kamba ikivutwa na upepo wa kusi, washa ndogo ya bolti inazama kwenye faiba.

Mvuvi_Wete
Ahsante sana fundi, Mungu akulipe. Na zile nyufa za kwenye taa? Halafu nimegonga sitaha kwa mpini wa bisibisi: upande wa omo (mbele) inalia kavu, karibu na tezi (nyuma) sauti nzito imekufa.

Fundi Faiba, Nungwi
Nyufa zichimbe kwa ncha mpaka zipate mfereji, zijaze jelikoti, piga msasa. Lakini hiyo sauti ya tezi inanitia wasiwasi zaidi. Usitie epoksi bado. Toboa tundu dogo kutokea chini ya sitaha, usipite juu, ushike unga unaotoka. Ukiwa mkavu na rangi ya mbao, endelea. Ukiwa mweusi au unaganda kidoleni, ubao umeshalowa. Kipande hicho kikatwe kibadilishwe kabla ya kishikio chochote. Tupia picha ya huo unga hapa.