Familia ya Koko (babu), Goma: Furaha na watoto wako kwenye barafu

Furaha, 07:31
Bwana asifiwe wapendwa. Mtandao umerudi! Siku nne simu ilikuwa ya kupigia picha tu. Wote wazima. Huku Alaska bado ni jana yenu, saa tatu unusu za usiku, na jua lingali juu ya maji.

Yaya Esther, 07:33
Mungu asifiwe. Mama hajalala vizuri tangu Jumapili. Watoto wanakula?

Furaha, 07:34
Wanakula, yaya. Daudi amependa samaki wa huku, salmoni. Lakini kila siku ananiuliza sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, za Tantine Esther.

Koko, 07:36
Mama yenu yuko hapa pembeni, namsomea. Tunangoja habari ya barafu.

Furaha, 07:44
Papa, naiandika polepole, sitaki kuipunja.
Tulishinda mbele ya Margerie. Ni mto wa barafu unaoteremka toka milimani, kilomita 34, unaishia ndani ya bahari. Ukuta wake wa mbele una upana wa kilomita moja na nusu hivi, na unapanda juu ya maji kama mita 76. Kwenye nyufa ni buluu, buluu ya kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Meli yetu ni ndogo, abiria sitini, inapenya mahali meli kubwa haziwezi. Hata hivyo pale tulikaa mbali, zaidi ya mita 400, ndiyo sheria.
Mara kipande kikubwa kama nyumba ya ghorofa kikachomoka. Tulikiona kinaanguka kimya kabisa. Kimeshafika majini ndipo mlio ukatufikia. Wenyeji, Watlingit, wanauita radi nyeupe. Neema alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Koko, 07:46
Injini walizima?

Furaha, 07:46
Hapana Papa, nahodha aliiacha ingurume chini chini.

Koko, 07:48
Vema. Mbele ya kitu kama hicho injini haizimwi. Miaka yote niliyofanya kwenye boti za Bukavu niliwaambia vijana hivyo: ukiwa karibu na mwamba, mashine iwe tayari.

Furaha, 07:50
🎤 Sauti, sekunde 21
Wekeni simu sikioni kabisa. Hicho ni kipande cha barafu mkononi mwa Daudi.

Tonton Baraka, 07:52
Nasikia pa, pa-pa, pa. Kama bisi kwenye sufuria!

Furaha, 07:53
Ni hewa inatoka. Theluji ilipoanguka zamani ilifunga hewa ndani, ikakandamizwa na theluji nyingine juu yake mpaka ikawa jiwe. Ikiyeyuka, vipovu vinapasuka. Daudi aliishika mpaka vidole vikawa vyekundu, akakataa kuiachia.

Furaha, 08:05
Sasa Papa, hili ndilo nililotaka ulisikie wewe na Mama.
Leo tumetia nanga Bartlett Cove, kwenye mlango wa ghuba hii, Glacier Bay kwa Kiingereza. Zamani hapakuwa ghuba, palikuwa bonde, na Watlingit wa Huna walikuwa na vijiji vyao humo. Barafu ikashuka toka juu. Wazee wao wanasimulia kwamba ilikuja kwa mbio za mbwa. Watu wakapakia mitumbwi usiku na mchana wakakimbia, na kuna mwanamke mmoja alibaki ndani ya nyumba, hakuondoka. Kufikia 1750 hivi barafu ilikuwa imefunika kila kitu. Halafu ikaanza kurudi nyuma: kufikia mwaka 1916 ilikuwa imerudi kilomita 105, ikaacha maji peke yake. Kwa lugha yao ghuba inaitwa mahali palipokuwa na barafu.
Nilikuwa nasikiliza maelezo hayo, na machozi yananitoka mbele za watu. Niliona Goma.

Koko, 08:15
Mama yenu amenyamaza. Ameniomba nisome mara ya pili.
Furaha, ulikuwa na miaka sita. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, maji yakawa yanachemka na moshi mweupe. Nilikubeba mgongoni mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Na sisi tulikuwa na mama mmoja jirani aliyekataa kutoka. Alisema, nyumba ikienda niende nayo. Vijana wawili wakambeba na kiti chake.
Hao watu wako, walirudi?

Furaha, 08:19
Walirudi, Papa, lakini haikuwa rahisi. Walikuwa wamejenga Hoonah, ng'ambo ya mlango wa bahari. Barafu ikaondoka, halafu mwaka 1925 serikali ikapafanya hifadhi, ikawa kwa miaka mingi hata kuokota mayai ya shakwe, chakula cha babu zao, ni kosa.

Tonton Baraka, 08:20
1925? Ndio mwaka ule ule wa hifadhi yetu ya Virunga!

Furaha, 08:24
Mwaka ule ule, Baraka. Sikuwahi kuliwaza.
Sasa wana nyumba yao hapa ufukweni, nyumba ya mababu wa Huna, ilifunguliwa 2016. Mbao za mwerezi, sehemu ya mbele imechorwa alama za koo zao nne. Baba Neema alivua kofia akasimama tu. Nilipapasa nguzo, unasikia kabisa chini ya vidole mahali patasi ilipopita.

Koko, 08:26
Sisi tulirudi mawe yangali moto. Viatu vya mama yenu viliyeyuka soli. Wao walingoja zaidi ya miaka mia mbili. Wape pole na hongera kutoka Goma, kama kuna wa kumpa.

Furaha, 08:27
Yupo, kesho asubuhi kabla hatujaondoka. Nitamwambia, Papa.

*Kesho yake jioni*

Furaha, 17:08
Tumefika Juneau, ndipo mwisho wa safari. Ni mji mkuu wa Alaska na hauna barabara ya kuutoa nje, ni meli ao ndege tu. Masanduku yako mlangoni. Jana tuliona nyangumi, Neema amehesabu kumi na mmoja. Nitatuma video tukifika nyumbani.
Na salamu zako zilifika. Yule mama wa Huna aliuliza Goma iko wapi, nikamwonyesha kwenye simu, mlima na ziwa. Aliangalia muda mrefu. Akaniuliza, baba yako alijenga pale pale? Nikasema ndiyo, juu ya mawe yenyewe. Akanishika mabega.

Yaya Esther, 17:10
Jamani.

Furaha, 17:12
Ila Daudi analia. Alitaka kumletea Koko jiwe la kule, na ni marufuku kutoa hata moja katika hifadhi. Tulilirudisha mahali pake, alilikalisha vile lilivyokuwa. Hajatulia tangu hapo.

Koko, 17:19
📷 Picha
Mwambie hili ni koro, jiwe la lava, la ukuta wa jikoni kwangu, la pili toka chini, kando ya dirisha. Nililichonga mwenyewe. Kuanzia leo ni la Daudi, na hakuna anayeweza kulikataza.

Furaha, 17:23
Amenyang'anya simu. Anauliza lilikuwa moto siku ngapi.

Koko, 17:24
Mko na mtandao bado? Nipigie sasa hivi, nimweleze mwenyewe.