Wafadhili mnataka hesabu zilizokaguliwa, mhasibu hamtaki kumlipa. Tufanyeje?

Wakuu, nimekaa kimya muda mrefu, leo nasema.

Asasi yetu iko Singida. Tunafanya kazi na akina mama wanaokamua alizeti: vitabu vya hesabu, vifungashio, kufuatilia nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ili mafuta yao yaingie dukani, yasiishie kuuzwa barabarani kwenye madumu. Hela inazunguka hapa hapa wilayani. Hata mashudu yanachukuliwa na wafugaji wa jirani.

Sasa soma matangazo ya ruzuku ya hii mifuko ya wafadhili. Juu wanaandika asasi ndogo za vijijini zinahimizwa kuomba. Teremka chini: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, sera ya manunuzi, mchango wenu wenyewe, andiko lote la mradi kwa Kiingereza. Kwenye bajeti mshahara hapana, pango hapana, mashine hapana. Kinachopita ni semina: ukumbi, chai, bango, nauli. Mama ana vyeti vya ujasiriamali vimejaa sandukuni na bado anapanga foleni kwenye mashine ya mtu, anakatwa mafuta kama malipo ya kukamuliwa!

Mfuko mmoja (jina siweki) ulitukataa kwa sababu hatukuwa na mkaguzi wa nje. Mkaguzi analipwa kwa fungu gani, kama karibu kila ruzuku inakataza gharama za ofisi? Umoja wa Ulaya unaishia asilimia 7 ya gharama za mradi kwa gharama hizo. Ford Foundation, mfuko wa Marekani, mwaka 2022 walitangaza kupandisha kiwango chao hadi asilimia 25, kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Na msituelekeze halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mkopo wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, asasi haimo. Uliposimamishwa mwaka 2023, wengi wa akina mama wetu walikimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Wapo ambao hadi leo hawajamaliza deni.

Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ifungwe 2025, asasi kubwa za mjini zenye waandishi wa maandiko wa kulipwa zinagombea hata ruzuku za milioni chache. Sisi tunaandika usiku, baada ya kutoka vijijini.

Kama kuna mtu humu amepata mfuko unaolipa mhasibu na kununua mashine, aandike jina lake na mwezi dirisha linapofunguliwa. Na nyie maofisa ruzuku mnaosoma humu kimyakimya, jibuni: mkaguzi tumlipe na nini?