Mjadala: Dampo la kifusi cha makaa ya mawe likipanuliwa, mimea ipimwe kiangazi na masika?

Msuku Mbivu
Wakuu habari zenu, naomba tulijadili hili bila matusi. Toka serikali ipige marufuku makaa ya mawe ya nje 2016, halafu vita ya Ukraine ikaja kupandisha bei 2022, huku kwetu Ruvuma makaa yanachimbwa kwelikweli, malori yanapishana kwenda bandari ya Mtwara. Sasa shimo la wazi lazima kwanza utoe mlima wa mawe na udongo ulio juu ya makaa, huo ndo kifusi, na kinataka pa kumwagwa, na mara nyingi hapo pa kumwagwa ni msitu wa miombo. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira, NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, wanaipitia, sibishani na hilo. Shida yangu ni msimu. Mtaalamu wa mimea akija Agosti anakuta nyasi zimeungua, miti mingi imepukutika, chikanda, ile okidi ya viazi vinavyoliwa, imejificha ardhini, uyoga hata harufu hakuna. Anavuta kamba zake, anapima unene wa mashina mita 1.3 toka chini, anamuuliza mzee wa kijiji huu mti mnauitaje, anaandika, kesho yake yuko kwenye basi. Rudi palepale Januari uone vilivyoota ambavyo kwenye ripoti havipo. Mimi nasema eneo jipya lipimwe misimu yote miwili ndo tingatinga liingie.

Dereva wa Tipa
Mkuu unaongea umeshiba wewe. Dampo likijaa mwezi wa sita tukae mpaka Januari tunasubiri maua yachanue? Mikopo ya boda na ada za watoto nazo zitasubiri masika? Halafu mbona mkulima anafyeka ekari kumi za mahindi hakuna anayemwitia mtaalamu wa mimea, mchoma mkaa ndo usiseme. Miombo imejaa toka Tabora mpaka Msumbiji, haiishi leo wala kesho.

Msuku Mbivu
Dereva swali lako la mkulima ni zuri na wengi wanalikwepa. Mkulima na mchoma mkaa wanakata shina, mizizi inabaki hai. Shamba likiachwa, visiki na mizizi inachipua, baada ya miaka kadhaa unakuta kichaka kimerudi chenyewe bila mtu kupanda mche hata mmoja. Kifusi kinafukia kisiki na mizizi yake chini ya mawe, hapo hakuna cha kuchipua. Ndo maana lazima ujue unafukia nini kabla, baadae hakuna pa kuangalia.

Kijana wa Mbinga
Si wakirudishe tu kifusi kwenye shimo walikokitoa, kesi imeisha?

Fundi Mwamba
Kirahisi hivyo hapana kaka. Mwanzoni shimo tupu halipo, kwahiyo kifusi cha kwanza lazima kitoke nje, na ukiwahi kufukia unaweza kuwa umefunika makaa yaliyobaki chini. Huko mbele ndo inawezekana na mimi naunga mkono. Ila mnasahau udongo wa juu, ule mweusi mweusi wenye mbegu na mizizi, ukwanguliwe na kuwekwa pembeni peke yake, sio kurundikwa na mawe, na usikae miaka maana unakufa. Pia kuna mawe ya makaa yana salfa, yakikutana na hewa na mvua yanatoa maji makali yenye tindikali, na mito ya huku inaingia Ruhuhu, Ruhuhu inaingia Ziwa Nyasa.

Mama Uyoga
Mimi nachangia kidogo. Kwenye fidia niliona wanahesabu mikahawa na migomba, vizuri. Masuku, yale matunda ya porini tunayookota, na uyoga tunaouza barabarani masika, hakuna aliyeuliza, eti ni vya porini. Jamani ule uyoga unaishi na mizizi ya miombo, huwezi kusema utaupanda nyuma ya nyumba, msitu ukienda na wenyewe umekwenda. Wakija Agosti wasipouona wataandika haupo, na mimi nitadai nini?

Dereva wa Tipa
La uyoga nimekupata mama, mke wangu naye anauza. Ila swali langu la kazi bado halijajibiwa.

Msuku Mbivu
Nakujibu. Dampo halijai ghafla kama ndoo ya maji bombani, mainjinia wanajua mapema kabisa kila tani ya makaa inatoka na kifusi kiasi gani na eneo litaisha lini. Waanze kupima msimu mmoja kabla, hakuna tipa itakayosimama hata siku moja. Wanachelewa kwa makusudi halafu wanakusukuma wewe mbele uje kutupigia kelele za ajira.

Fundi Mwamba
Na gharama za safari mbili nani analipa?

Msuku Mbivu
Mwenye mradi ndo anamlipa mshauri wa mazingira, utaratibu ndo ulivyo, kwahiyo tusitegemee aongeze safari ya pili kwa hiari yake. Misimu miwili iandikwe kwenye hadidu za rejea, yaani ile orodha ya kazi anayopewa mshauri, kabla mshauri hajafunga begi.