Kodi mpya ya kutuma pesa, na zile siku tano za Oktoba

Minneapolis, 4 Januari 2026

Shikamooni wakubwa. Wengine wote, heri ya mwaka mpya.

Nina swali. Jana nilikwenda dukani ninakotuma pesa siku zote. Natoa taslimu kaunta, wao wanatuma, mama yangu Korogwe anapata ujumbe kwenye simu. Safari hii mhudumu akaniambia nikituma dola 300 niongeze dola 3 za kodi ya serikali. Nikauliza tangu lini, akasema tangu Alhamisi. Kuna anayeijua vizuri hii kodi? Na nikihamia kutuma kwa simu, mama atasumbuka kupokea? Ana miaka 68, hapendi vitu vya kubadilishabadilisha. Mimi mwenyewe nimechoka, maana huku wanakata, na kule akienda kutoa wanakata tena.

Asanteni.


Columbus, Ohio, usiku wa siku hiyohiyo

Marahaba mdogo wangu, na pole na baridi ya huko.

Kodi ipo kweli. Imo ndani ya ile sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini 4 Julai 2025, na imeanza kukatwa 1 Januari. Ni asilimia 1. Anayekatwa ni yule anayelipa kwa pesa taslimu, maniorda au hundi ya benki ya kununua. Ukilipa kutoka akaunti yako ya benki ya hapa Marekani, au kwa kadi iliyotolewa hapa, hukatwi. Rasimu ya mwanzo ilitaka asilimia 5 na iliwalenga wasio raia tu. Ikashuka hadi 3.5, mwisho ikafika 1, kwa raia na mgeni sawasawa. Kwa hiyo unganisha kadi yako na programu ya kutuma pesa, na mama ataendelea kupata ujumbe wake kwenye laini ileile. Hatajua hata kama umebadilisha. Watakaoumia ni wageni waliofika juzi ambao bado hawana akaunti, na hao tukiwaona misikitini na makanisani tuwasaidie kufungua.

Hilo limekwisha. Sasa naomba nikuambie jambo jingine, kwa sababu hizo dola 3 unaweza kuziokoa kesho asubuhi. Mimi Oktoba nilikuwa na akaunti, kadi na programu tatu kwenye simu, na mama yangu akakaa siku tano hajashika hata shilingi moja kutoka kwangu.

Mama yupo Mbagala, Dar es Salaam. Anajidunga sindano za sukari asubuhi na jioni, na dawa anaitunza kwenye friji. Umeme ni wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Tangu nije huku 2014 utaratibu wetu ulikuwa mmoja: natuma pesa kwa mdogo wangu wa Kibaha, yeye ananunua tokeni, anamsomea mama zile namba kwa simu, mama anabonyeza kwenye mita. Dawa na chakula ni hivyohivyo, vyote vinapitia Kibaha. Mwezi ule nilikuwa nimepanga kutuma Ijumaa ya mshahara, na kwenye mita zilikuwa zimebaki uniti chache.

Jumatano 29 Oktoba, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi. Dar ilikuwa saa nane mchana. Nikamtumia mama sauti kwenye WhatsApp kama kawaida, nikaona tiki moja. Nikaoga, nikarudi, tiki moja. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Jioni ikatangazwa amri ya kutotoka nje Dar es Salaam kuanzia saa kumi na mbili. Nikapiga simu ya kawaida, haikuingia. Nikaamua kutuma dola 150 haraka kwa mdogo wangu, na programu ikaniambia pesa imepokelewa. Nikalala nimetulia kidogo. Sikujua kwamba ilikuwa imepokelewa na simu yake tu: mawakala wote wa mtaani kwake walikuwa wamefunga, na njia ya kutoka Kibaha mpaka Mbagala hakuna aliyethubutu kuipita.

Alhamisi sikula. Kazini nahudumia wazee, nikawa nampima sukari bibi mmoja wa hapa Ohio huku machozi yananitoka. Akaniuliza kuna nini, nikashindwa pa kuanzia.

Ijumaa alfajiri ya huku simu ya kawaida ikaingia, kama dakika mbili hivi. Mama akasema umeme umekatika tangu jana, dawa nimeitia mtungini, usihangaike. Laini ikakata.

Baadaye alinieleza vizuri. Alichukua kopo la Blue Band lenye mfuniko wa kubana, akalikausha vizuri, akaweka vile vichupa ndani. Mtungi wa maji ya kunywa akaujaza mchanga hadi nusu, akaulowesha, akalikalisha kopo juu ya mchanga, akafunika mdomo wa mtungi kwa kipande cha kanga kilicholowa. Akauweka uvunguni mwa kitanda, upande ambao jua halifiki. Mtoto wa jirani akapewa kazi ya kulowesha ile kanga asubuhi, mchana na jioni. Nilimuuliza muuguzi hapa kazini. Akasema chupa iliyokwisha kufunguliwa inavumilia kama wiki nne nje ya friji mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30, kutegemea aina, na kwamba vyungu vya namna hiyo vinatumika kutunzia dawa hiyo sehemu nyingi zenye joto. Mama hakumuuliza mtu. Alikumbuka maji ya mtungini yalivyokuwa baridi kwa bibi yake.

Na chakula? Jirani anayeuza maandazi alimkopesha shilingi 20,000. Duka la dawa la mtaani kwao lilimpa sindano kupitia mlango wa nyuma, kwa mkopo, kwa sababu wanamjua. Miaka kumi na moja nilikuwa naamini kwamba mama anaishi kwa sababu mimi natuma. Nilidhani kutuma ndiyo kuwepo. Zile siku tano aliishi kwa watu ambao sikuwa na namba ya hata mmoja wao.

Najua humu tupo wa vyama vyote na wasio na chama, na sitaki tugombane. Ila nitasema ninachokiamini. Jumamosi 1 Novemba walitangaza ushindi wa Rais Samia kwa asilimia 97.66, na sisi tulio nje tuliusikia kabla ya ndugu zetu wengi walioko mtaa wa pili kutoka kituo cha kupigia kura. Watu waliuawa kwenye vurugu za siku zile. Tarehe 14 Novemba Rais alitoa pole bungeni na kutangaza tume ya uchunguzi. Ninachoomba ni kwamba waliokufa watajwe kwa majina na wazazi wao waoneshwe makaburi. Na wanaoamua kuzima intaneti wajue kwamba siku hizi kwenye huo waya ndimo wanamopita wajukuu, dawa na umeme wa bibi. Si Tanzania peke yake. Uganda, Februari 2016, siku ya kupiga kura walizima hadi huduma za pesa za simu. Anayesoma hapa na ana mzee popote pale Afrika Mashariki asidhani yeye yamempita.

Intaneti ilianza kurudi Jumatatu 3 Novemba. Tiki ikawa mbili.

Basi tukabadilisha utaratibu, na hapo ndipo penye kazi kuliko kodi yoyote. Mdogo wangu aliumia. Aliniuliza, "Kaka, humwamini ndugu yako unamwamini muuza maandazi?" Tulikaa wiki mbili hatuongei vizuri. Ilibidi nimpigie usiku mmoja nimwambie kwamba hakuna aliyemshutumu, ni umbali tu: yeye yupo kilomita arobaini na kitu, jirani yupo hatua ishirini. Akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia, kwamba hata yeye zile siku tano hakulala, ana pesa yangu kwenye simu na hawezi kumfikishia mama yake mzazi. Nilikuwa sijamuuliza hata mara moja yeye alikuwaje.

Sasa mita ya mama haishuki chini ya uniti 50, maana tokeni ukishaiingiza hakuna wa kuitoa. Duka la dawa nimelilipa miezi miwili mbele, wanaandika kwenye daftari, na mama ana nakala. Ndani kuna akiba ya taslimu, noti za elfu mbili na elfu tano, kwa sababu siku za namna ile hakuna wa kukurudishia chenji ya elfu kumi. Pesa ya simu tumeigawa kwenye laini mbili za mitandao tofauti. Na namba zote za majirani zimeandikwa kwa kalamu, nakala mbili zimebandikwa nyuma ya mlango wake na mbili kwenye friji langu hapa. Mdogo wangu ndiye msimamizi wa yote hayo, anakwenda kila mwisho wa mwezi kukagua.

Samahani kwa urefu.


Louisville, Kentucky, 5 Januari

Jambo wote. Kaka wa Columbus, pole sana, na mama Mungu amulinde.

Mimi natoka Goma. Mji ulipoanguka mikononi mwa M23, 27 Januari 2025, benki zilifunga, na uwanja wa ndege pia. Nilikuwa nimemutumia mama dola 200 kwa simu. Pesa iko, anaiona, lakini hakuna mwenye makuta, pesa za mkononi, ya kumupa. Wakala aliyekuwa na kidogo alikuwa anakata dola tano kwa kila mia, na unapanga mustari toka asubuhi. Mwishowe mama akavuka mpaka kwa miguu, pale Petite Barrière, akatolea pesa yake Gisenyi, upande wa Rwanda. Ana magoti mabaya. Tangu hapo tuko na pesa kidogo kwa dada yangu anayeishi upande ule, isiguswe mpaka iwe lazima.

Niko na jambo lingine la kuombea. Mdogo wangu yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu akiwa mtoto. Alimaliza mahojiano yote ya kuja Marekani, akamaliza na vipimo vya daktari. Siku ya 20 Januari 2025 ikatoka amri ya kusimamisha mpango wa wakimbizi. Vipimo vyake vimeisha muda. Kila mwezi namutumia kidogo, na kila mwezi ananiuliza kama nimesikia kitu, na mimi najibu hapana. Kama kuna mtu anajua wakili asiyedai pesa nyingi aniandikie kwa kando.


Doha, 5 Januari

Salaam aleikum jamaa zangu. Natoka Likoni, Mombasa, nafanya kazi za nyumba hapa mwaka wa nne.

Mwasema ya wazee kukatikiwa na sisi, nami nasema sisi pia twaweza kukatika. Usiku wa 23 Juni mwaka jana anga ilifungwa, kisha makombora ya Iran yakaja kambi ya jeshi la Marekani ya Al Udeid. Tuliona taa zake juu dirishani. Binti yangu wa miaka tisa aliyaona kwa runinga kule nyumbani, akalia hadi asubuhi akidhani nimekufa. Dada yangu akataka kuuliza habari zangu, akakuta hana hata namba ya mwajiri wangu, hana nakala ya pasipoti, hana mkataba. Hajui mtaa ninaokaa. Karatasi zote nilikuwa nazo mimi mwenyewe.

Zote sasa zi Likoni, ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro la dada. Fanyeni nanyi, haswa mlio huku Ghuba.


Minneapolis, 6 Januari

Kaka, shikamoo. Dada wa Louisville na dada wa Doha, asanteni, nimesoma mara mbili.

Kadi nimeunganisha jana, nikatuma dola 20 za kujaribia, mama amepokea bila shida yoyote.

Halafu nikafanya ulichosema. Nikamwambia mama anipe namba ya jirani wa karibu. Akasita, akasema ya nini, mimi niko mzima. Nikambembeleza akanipa. Nimezungumza na huyo mama leo kwa mara ya kwanza tangu nimeondoka nyumbani miaka sita iliyopita, na ananijua vizuri sana, anajua hadi jina la mwanangu wa mwisho. Nilipomweleza habari za akiba na duka la dawa akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, ngoja nikuambie, maana ukiuliza hivi siwezi kukuficha." Mama alianguka uani Novemba. Alilala hospitali siku nne. Walikubaliana wote wasiniambie, kwa sababu nilikuwa kwenye mitihani ya uuguzi.

Zile siku nne nilikuwa naongea naye kwa simu kila jioni. Aliniambia yupo sebuleni.

Anayejua tiketi ya bei nafuu mwezi wa tatu, ya Dar au ya Kilimanjaro, yoyote, aniandikie. Nina likizo ya wiki tatu kuanzia tarehe 9.