MJADALA: Delta ya Ruvu, tupande mkoko mtupu au tuchanganye?

Mwenye mada: Wadau wa Bagamoyo, siku za kupanda miti ya pwani magunia hujaa mbegu ndefu za mkoko tu. Mbegu za miti mingine ya pwani, yaani mchu, mkandaa, mlilana na msinzi, hazimo. Msitu wa aina moja utadumu? Karibuni.

Bin Dunda: Mkoko una sababu zake. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti. Ikitoa pete ya njano shingoni, imekomaa. Ichomeke theluthi moja kwenye tope, achia mita moja hadi nyingine, basi. Hakuna kitalu wala viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Mlilana una vimbegu vidogo mno, bila kitalu huupati. Kikundi cha kijiji hakina hela hiyo. Tuanze na mkoko, nyingine zitaletwa na maji.

Binti Kaole: Kaka Bin Dunda, kwa urahisi wa kupanda sina ubishi. Hilo la kuletwa na maji ndilo gumu. Maji huleta mbegu kama miti mama ipo jirani, na mbegu za mchu kaa huzila kwa wingi kabla hazijashika mizizi.

Tazama pia kinachoua kila mti. Shina la mkoko likikatwa, mti umekwisha; mchu huchipua kisikini. Mashapo, yaani tope na mchanga uletwao na maji, yakifukia mizizi ya kupumulia, mti hukosa hewa: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi hivyo Mwache, Mombasa. Gazi, Kwale, ni mlilana uliotobolewa matawi na wadudu. Kila aina ina adui wake, kwa hiyo ukipanda aina moja, adui mmoja anatosha kukuachia tope tupu.

Lakini kuchanganya ovyo nako ni hasara. Mlilana hukaa mbele, kunakopigwa na bahari. Mkoko kingoni mwa mikondo. Mkandaa nyuma yake. Juu kabisa, panapofikiwa na bamvua tu, yaani maji makubwa kabisa ya kujaa, chumvi ni kali, na hapo mchu unaweza: lamba jani lake, utaonja chumvi inayoitoa. Mkoko ukiupeleka huko unakauka. Ukiupeleka chini, kwenye tope linalofunikwa karibu kutwa, unazama.

Mzee wa Majaruba: Binti yangu, ongeza mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Kule msianze na mbegu. Vunjeni tuta pale mkondo wa zamani ulipopita, maji yaingie na kutoka. Yakibaki yametuama baada ya kupwa, mfereji mliofungua bado haujashuka vya kutosha na miche itaoza. Kisha subirini mbegu zijilete. Pandeni mapengo tu, kwa aina inayoota usawa huohuo jirani.

Bin Dunda: Kwa majaruba hayo ya chumvi nakubali, Mzee. Ila ukingo wa mto unaomomoka sasa siusubirishi. Hapo napanda mkoko. Dada, mchu wa kitalu unautoa kwenye kiriba ukiwa na majani mangapi?